Waumini Wale Walikwenda Wapi?

Likizo hii nimetazama filamu tatu hapa Kasingirima, mbili kati yake zikihusu ziwa letu. Ndugu msomaji, mimi si mhakiki. Ni mpenzi wa sinema tu, ila kuna jambo limenikaa moyoni.

Ya kwanza ni "The African Queen" ya mwaka 1951. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kijiboti chakavu, na tuzo ya Oscar aliyopewa naona aliistahili. Meli ya Wajerumani anayoiwinda imetokana na Graf von Götzen, yaani MV Liemba yetu. Katika filamu meli inalipuka na hadithi inaishia hapo. Ukweli ni kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Hilo silinung'unikii, sinema ni sinema. Kinachonisumbua ni mwanzo wake. Tuko ndani ya kanisa la misheni. Mchungaji anaongoza ibada, dada yake anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanaimba ovyo ili mtazamaji acheke. Muda si mrefu askari wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Mchungaji anachanganyikiwa, anafariki, nasi tunatakiwa kumlilia. Na waumini je? Filamu inakwisha bila yeyote kuwaulizia, hata huyo dada aliyewapigia kinanda. Kwa sisi tunaojiandaa kuhudumia parokia, swali hilo si dogo. Kundi zima limepotea, na hadithi inaendelea na mapenzi ndani ya boti.

Utasema hiyo ni filamu ya zamani. Haya, tazama "Jane" ya mwaka 2017, kuhusu Jane Goodall na sokwe wa Gombe, hapo juu tu kwa boti. Ni filamu nzuri mno, na msitu wetu sijawahi kuuona ukipendeza vile. Sokwe wana majina na tabia zao: David Greybeard, Flo, Flint. Watu wa Kigoma wanapita tu pembeni. Lakini wanafunzi wanne walipotekwa Gombe mwaka 1975 na wageni wakaondoka, Watanzania ndio waliobaki wakifuata sokwe na kuandika kumbukumbu kila siku. Utafiti haukukatika kwa sababu yao.

Ya tatu ni "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Inakwenda polepole, ndugu niliyetazama naye alisinzia kabla ya katikati. Mimi sikuchoka, maana Yasmin na Denge wanapenda, wanaogopa na kubishana kwa Kiswahili, na Mwingereza ndiye anayepita pembeni.

Liemba nayo inangoja filamu ya namna hiyo. Mwaka 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ningependa kuona filamu inayoanzia kwa kuli wa bandari, au kwa mama aliyeshuka siku ile na mtoto mgongoni, na ambayo haimwachi hadi tujue alifika wapi.