Chembe Ina Jina Lake

Vijana wenzangu mnaotaka kuishi kwa kalamu, leo nina ugomvi na maneno mawili matatu tu: "chembe ya Mungu". Kila inapotajwa ile maabara ya CERN, pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lazima atokee mwandishi wa kuyarusha. Kijiweni vita inaanza. Huyu anadai wazungu wamekufuru, eti wamemtafuta Mungu kwenye mashine. Yule anajibu, basi dini kwisha kazi. Jamani, wote wawili wamepigwa changa la macho, na aliyewapiga ni muuza vitabu.

Asili ya jina hilo inajulikana. Mwaka 1993 mwanafizikia wa Marekani, Leon Lederman, alitoa kitabu chenye jina hilo pamoja na mwandishi Dick Teresi. Siku hizo Lederman alikuwa akiupigia debe mtambo mkubwa uliokuwa unachimbiwa handaki huko Texas. Mwenyewe alieleza kwa utani kwamba alitaka kuiita "chembe iliyolaaniwa", kwa jinsi ilivyowasumbua na kula fedha, ila mchapishaji akagoma. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likaufuta mradi wa Texas, na dola kama bilioni mbili zilikuwa zimeshazikwa ardhini. Mtambo ukafa, tangazo likabaki. Ndilo tunaloimbishwa mpaka leo!

Peter Higgs, aliyeiwaza chembe hiyo mwaka 1964 na akafariki mwaka 2024, hakuwa mtu wa dini. Hata hivyo jina hilo hakulipenda, kwa kuwa aliona linaweza kuwaudhi waumini. Sasa ikiwa asiyeamini aliwastahi wanaoamini, wewe mwandishi unayekwenda kanisani au msikitini unashindwa nini?

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Kuna handaki la duara lenye urefu wa kilometa 27, kama mita mia moja hivi chini ya ardhi. Ndani yake protoni zinakimbizwa kwa mwendo unaokaribia kabisa ule wa mwanga, zaidi ya mizunguko 11,000 kwa sekunde moja, kisha zinagonganishwa. Sumaku zinazozipinda hupozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Pale ulimwengu hauumbwi upya, msidanganyike. Nishati inarundikwa mahali padogo mno, ili ionekane jinsi mata ilivyokuwa katika sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya Mlipuko Mkuu, miaka kama bilioni 13.8 iliyopita. Nani aliuwasha huo mlipuko, na kwa nini? Mtambo hauulizi wala haujibu.

Na chembe yenyewe, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ni dalili ya uga uliotanda ulimwengu mzima. Elektroni hupata tungamo lake kutokana na uga huo. Usingekuwepo, atomu tunazozijua zisingejengeka, na mimi na wewe tusingekuwa hapa tunabishana. Lakini usikimbilie kusema ndio uliotupa uzito wote. Sehemu kubwa ya uzito wa mwili wako inatokana na nishati inayozifunga kwaki ndani ya protoni na nyutroni. Mnaona? Ukweli ni mtamu kuliko tangazo.

Najua nitajibiwa, "Bwana, jina kali linavuta wasomaji." Linavuta, sawa, halafu linawaacha wapi? Tarehe 10 Septemba 2008 protoni zilizungushwa humo kwa mara ya kwanza, huku uvumi ukienea kwamba dunia itamezwa. Siku tisa baadaye mtambo ukaharibika: kiungo cha umeme kilikuwa kibovu, heliamu ikavuja, matengenezo yakachukua zaidi ya mwaka. Aliyelishwa jina la Mungu ataona adhabu hapo. Aliyeelezwa kazi ataona fundi anahitajika. Tofauti hiyo si ndogo. Mfikirie binti wa kidato cha tatu anayeipenda fizikia, halafu nyumbani anaulizwa kama anasoma au anakufuru. Anajiteteaje, wakati gazeti lenyewe limeshamhukumu kwa kichwa cha habari?

Msiniambie Kiswahili hakitoshi. Chembe, uga, tungamo, handaki, nishati: maneno yapo, tena mengine yamo kwenye madaftari ya shule. Kinachokosekana ni mwandishi mwenye subira ya kuuliza kitu kinafanyaje kazi kabla ya kukibatiza.

Kwa hiyo andikeni chembe ya Higgs, kisha mweleze ni kitu gani. Mungu hakuomba atangaziwe biashara. Na mwenye hoja ya kulitetea lile jina aje nayo, kurasa hizi ni za wote. Ila aje na hoja, asije na king'ora.