Paka wa Jirani na Gari Lenu

Ziko kero ndogo ndogo za mtaani ambazo hazionekani kuwa na uzito wowote mpaka siku zinapovunja ujirani. Mojawapo ni hii ya paka wa jirani anayelala juu ya gari. Gari limeoshwa jioni likang'aa. Asubuhi baba anatoka na funguo mkononi, anakuta nyayo za udongo kutoka kwenye boneti mpaka kwenye paa, manyoya kwenye kioo cha mbele, na pengine mkwaruzo mpya kwenye rangi. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule, na kwa baadhi yetu ndilo linaloleta mkate nyumbani. Hasira inapanda, jirani anatajwa kwa jina, na hapo ndipo hutamkwa neno ambalo mwezi huu tungependa akina mama wenzetu walizuie kabla halijawa tendo: "Nitamtilia sumu huyu paka."

Tunaamini mama ana nafasi kubwa ya kuituliza hali hii. Gari linaweza kulindwa, paka akabaki mzima, na jirani akaendelea kuwa jirani. Tuanze kwa kumwelewa paka mwenyewe.

KWA NINI ANAPENDA GARI?

Paka hapandi gari kwa ukorofi. Anatafuta joto, usalama na mahali pa kuchungulia. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39, naye hustarehe penye joto la nyuzi 30 na zaidi, joto ambalo sisi tungelitolea jasho. Kwa hiyo gari lililorudi jioni injini ikiwa moto, kwake ni sawa na jiko lililowekwa nje kwa ajili yake. Wenzetu wa Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya wataiona kero hii zaidi miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza. Kwa walio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mchana paka huingia chini ya gari kufuata kivuli, na usiku hupanda paani kukwepa mbwa.

Kuna jambo lingine. Paka ana tezi za harufu mashavuni na katikati ya vidole vya miguu. Akijisugua au kukanyaga mahali mara kadhaa, huacha harufu yake hapo, na harufu hiyo humwambia kwamba hapa ni kwake. Ndiyo maana harudi juu ya gari mara moja tu. Hurudi kila siku.

Na ile mikwaruzo je? Paka anapotembea kwa utulivu huwa amezirudisha kucha zake ndani. Huzitoa anapoteleza au anaporuka ghafla kwa woga. Vilevile mchanga na vumbi lililo juu ya gari husagika chini ya nyayo zake. Hivyo yule anayemfukuza kwa mawe na makelele ndiye anayemfanya aichane rangi.

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza kabisa, sumu. Sumu haichagui. Chakula kilichotiwa dawa ya panya kikaachwa uani kinaweza kuliwa na kuku, na mbwa, na hata mtoto anayetambaa. Paka akishakula, anaweza kwenda kufia darini kwa jirani au ndani ya kisima. Tena ni kosa: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya nayo ina sheria inayokataza kuwatesa wanyama.

Pili, ziko dawa za nyumbani ambazo watu huzitumia bila kujua kwamba nazo ni sumu. Paka hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo chochote kinachogusa manyoya au nyayo zake huishia tumboni. Naftalini, zile tembe nyeupe za kuwekea nguo, zinamdhuru paka, na mtoto mdogo huweza kuzidhania peremende. Dawa za kusafishia sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini nyingi humdhuru, kwani ini lake haliwezi kuzivunja kama la binadamu. Kidonge kimoja tu cha panadol kinaweza kumwua. Oili chafu ya gari na mafuta makali ya mkaratusi au ya karafuu pia yasitumike. Unga wa pilipili humchoma macho na nyayo, kisha upepo huuleta kwa watoto wanaocheza hapo hapo.

Tatu, kumtia paka kwenye gunia na kumtupa sokoni au porini. Wengine hudhani huku ni kumhurumia. La hasha! Paka aliyetupwa ugenini huumia kwa njaa na kupigwa na paka wenyeji, na wengine hurudi. Hata asiporudi, ikiwa uani pana kilichomvuta, paka mwingine atachukua nafasi yake.

MAMBO YANAYOSAIDIA

Tazama kwanza kinachomleta. Je, pipa la taka liko wazi? Vichwa vya samaki vinatupwa nyuma ya jiko? Kuna panya stoo? Paka hufuata chakula kwanza, kisha huona gari. Funika taka, zika au peleka jalalani mabaki ya samaki, ziba matundu ya panya.

Ondoa ngazi yake. Mara nyingi pipa la maji, rundo la matofali au tawi la mwembe lililo karibu na gari ndilo analolipandia. Sogeza au punguza. Funga pia vioo vyote usiku, kwani paka akionja kiti cha ndani hatataka tena boneti.

Osha gari ili kuondoa ile harufu yake. Tumia maji mengi na sabuni laini, suuza vizuri, kisha kausha. Mkiweza, pakeni nta ya gari mara kwa mara, kwani huikinga rangi. Mkojo au kinyesi kikionekana, kioshwe siku hiyo hiyo maana huila rangi.

Funika. Kifuniko cha gari ndiyo dawa ya uhakika kuliko zote. Kama cha dukani ni ghali, fundi cherehani anaweza kushona cha turubai jepesi, akaweka kitambaa laini upande wa ndani. Gari lifunikwe likiwa safi, kwa sababu vumbi likibaki chini ya kifuniko litaisugua rangi. Kifungwe kwa kamba chini ya bampa ili upepo usikipigishe. Wasio na uwezo huo wanaweza kutandaza shuka nzito ya zamani juu ya boneti na paa. Paka anaweza kuendelea kulala hapo, lakini rangi itakuwa salama. Karatasi ya nailoni inayotoa sauti ikikanyagwa, ikilazwa juu ya shuka hiyo, itamfanya asite, maana paka hapendi mahali panapoteleza na kupiga kelele chini ya miguu yake.

Tumia harufu asizozipenda. Paka wengi huchukia maganda ya machungwa na ndimu. Yakusanye baada ya chakula, yatie kwenye mfuko wa wavu, uyaweke chini karibu na matairi. Badilisha kila siku moja au mbili yanapokauka. Usiyaweke juu ya gari wala usinyunyize ndimu au siki kwenye rangi, kwani uchachu wake huiharibu. Na tuseme wazi: wapo paka wasiojali harufu hii hata kidogo. Ijaribuni kwa wiki mbili, isipofaa iacheni.

Maji baridi kidogo, yakirushwa miguuni pake anapotaka kupanda, huweza kumfundisha bila kumwumiza. Maji ya moto, hapana kabisa.

Mwisho, mpatieni mahali pengine. Boksi lililotandikwa gunia, likawekwa pembeni palipoinuka na pasipopiga upepo, litamvuta kuliko boneti inayopoa usiku wa manane. Mahali pazuri pa boksi hilo ni barazani kwa mwenye paka, na hapo hatuwezi kukwepa kuzungumza na jirani.

KUZUNGUMZA NA JIRANI

Mzee wa Kiswahili alisema, "Paka wa nyumba haingwa." Kwetu ni msumbufu, lakini kwa wenziwe ni wa nyumbani. Pengine ni rafiki wa pekee wa bibi anayeishi peke yake, au ndiye anayelinda gunia la mahindi lisiliwe na panya. Tukilikumbuka hilo, maneno yetu yatakuwa na adabu.

Aende mama, wala asitumwe mtoto. Usiende asubuhi hasira ikiwa bado ya moto, wala usimwite jirani aje kuonyeshwa gari mbele ya watu. Nenda jioni kazi zikiwa zimepungua, piga hodi, salimu, uliza hali za watoto. Kisha sema kwa upole. Kama jirani ni mtu mzima kwako, unaweza kusema: "Shikamoo mama. Nimekuja tushauriane jambo dogo. Paka wetu huyu amelipenda gari la baba watoto, kila usiku analala juu. Naogopa asije akaumia siku moja gari likiwashwa. Tufanyeje mama yangu?"

Angalia neno "paka wetu," na swali la mwisho. Jirani aliyeulizwa ushauri hutafuta njia. Jirani aliyeshtakiwa hutafuta utetezi.

Mambo ya kumwomba ni machache. Kwanza, amlishe paka jioni nyumbani kwake, kwa sababu paka aliyeshiba hulala karibu na sahani yake. Pili, amwekee lile boksi. Unaweza hata kwenda nalo kama zawadi. Tatu, amwone daktari wa mifugo ili paka ahasiwe. Dume asiyehasiwa huzurura mbali na kukojolea kila kitu ili kuweka alama, na tabia hiyo hupungua sana baada ya kuhasiwa. Jike naye hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65 tu, na anaweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi sita. Paka mmoja wa mwaka huu anaweza kuwa kundi zima mwakani. Kama gharama ni kikwazo, si vibaya nyumba mbili tatu zikachangiana.

Kuhusu mikwaruzo, ile midogo fundi huiondoa kwa kuing'arisha. Kudai fidia ya mkwaruzo mdogo ni kununua ugomvi wa miaka. Jirani huyo huyo ndiye utakayemgongea usiku mtoto akipandwa na homa na baba yuko safarini.

AFYA YA NYUMBA

Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwani chaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Amwachie mwingine, au kama hakuna mtu, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa maana vijidudu hivyo huhitaji angalau siku moja nje ndipo viweze kuambukiza.

Kichaa cha mbwa nacho huweza kuletwa na paka. Mwulize jirani kama paka wake amechanjwa. Mtoto aking'atwa au kuparurwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama atapona.

KABLA YA KUWASHA GARI

Asubuhi za baridi paka, na hasa vitoto vyake, huingia hata ndani karibu na injini. Gari likiwashwa, feni na mikanda humkata. Mzoeshe baba, na wewe mwenyewe kama ni dereva, kupiga boneti kwa kiganja mara mbili tatu na kusubiri kidogo kabla ya kuwasha. Pia futeni mara moja maji ya rejeta yaliyochanganywa na kulanti yakidondoka chini. Aina nyingi zina ladha tamu, na kiasi cha kijiko cha chai kinatosha kumwua paka. Kopo lake likae juu, mbali na watoto.

WATOTO WANATUTAZAMA

Mtoto anayemwona baba yake akimrushia paka tofali hujifunza kwamba aliye mdogo na asiyeweza kusema anaweza kuumizwa tunapoudhika. Mtoto anayemwona mama akikusanya maganda ya machungwa, akishona kifuniko, na kwenda kupiga hodi kwa jirani, hujifunza kwamba kero ina njia ya kutatuliwa. Washirikishe. Kazi ya kubadilisha maganda na kugonga boneti asubuhi wapeni wao. Wataifanya kwa furaha na hawataisahau.

Wiki hii basi, fanyeni mambo matatu: funikeni pipa la taka, tafuteni shuka au turubai, na nendeni mkapige hodi. Mengine yatafuata.