Waifai ya Ploti Nzima

Kuna watu wanaoamini kwamba kumpa jirani paswadi ya waifai ni wizi. Wengi wao wako Nairobi, fibre imewafikia hadi mlangoni, na wakikosana na kampuni moja leo, kesho wanapigia nyingine. Sina ubaya nao. Lakini hawajawahi kukaa Lodwar, na hoja yao ikipanda basi ya Kitale kuja huku, haifiki.

Nakaa Kanamkemer, ploti ya vyumba nane, kuta za mawe, paa la mabati. Dishi liko juu ya chumba changu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda watu wa nyumbani, na tangu hapo nakula kwa kuandika: makala, tafsiri, kunakili mahojiano ya watu wengine neno kwa neno mpaka masikio yanauma. Intaneti ikikatika siku mbili, kodi inachelewa wiki mbili. Kwa hiyo hii mada kwangu si ya kupiga nayo stori.

Tuanze na hesabu. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, kifurushi cha kawaida cha nyumbani kilikuwa Ksh 6,500 kwa mwezi, na hiyo ndiyo bei tuliyoanza nayo. Peke yangu hiyo pesa siioni. Vyumba vitano vikichanga, kila mmoja anatoa 1,300. Sasa mchukue dada wa chumba cha pili, ambaye zamani alikuwa ananunua bando la siku, GB 1 kwa shilingi 99. Mwezi wa siku thelathini ni 2,970, na amepata GB 30 tu. Saa moja ya video ya HD inaweza kumeza GB 3. Fanya hesabu mwenyewe masomo ya video yanaisha tarehe ngapi. Mama wa chumba cha sita husuka vikapu vya mikoma na kutuma picha kwa wateja kwa WhatsApp. Kabla ya dishi alikuwa anachagua kati ya kutuma picha na kununua sukari. Sitii chumvi.

“Lakini masharti yanakataza.” Najua. Masharti ya Starlink yanakataza kuuza huduma tena, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka anayetoa huduma ya mawasiliano awe na leseni. Sawa kabisa. Swali ni: kuuza ni nini? Mimi sipati faida hata shilingi. Bili inafika, tunaigawa kwa tano, naonyesha risiti kwenye grupu, imeisha. Hiyo kwetu inaitwa kuchanga. Ploti nyingi nilizopita zina mita moja ya stima kwa vyumba kadhaa. Watu wanachanga tokeni, wanagombana kidogo juu ya nani ana friji, wanalala. Hujasikia mtu akiitwa mwizi wa stima kwa sababu hiyo. Tanki la maji ni hivyo hivyo. Mbona intaneti ndiyo iwe kitu kitakatifu?

Nitawapa jambo moja. Bei ya kifurushi cha nyumbani imepigwa ikidhaniwa ni nyumba moja inayotumia, na kila mtu akigawa, kampuni inaweza kusema inapandisha. Hiyo hoja ina uzito. Lakini inadhani kwamba hawa jirani zangu wanne wangenunua kila mmoja dishi lake. Na pesa gani? Bila wao, na mimi pia naachana na dishi. Kampuni ingebaki na sifuri mahali ilipokuwa na mteja mmoja anayelipa kwa wakati.

Na hizo kampuni zenyewe si malaika wa kanuni. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka watoa intaneti ya setilaiti wasiachwe kufanya kazi peke yao, bali kupitia ubia na kampuni ambazo tayari zina leseni hapa. Miezi michache baadaye, Novemba, Starlink ikasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Yaani kule ambako tayari kulikuwa na fibre, watu walipanga foleni mpaka angani. Huku kwetu barabara ya Lokichar hadi Nadapal ilipojengwa kwa pesa za Benki ya Dunia, mpango ulikuwa pamoja na fibre kutoka Eldoret hadi mpakani. Barabara naipenda, jamani, mgongo wangu unaijua ile ya zamani. Lakini fibre inayopita kando ya barabara na fibre inayoingia chumbani ni vitu viwili. Katikati yake kuna mtu wa kuvuta waya, na huyo hajabisha hodi kwenye ploti yetu.

Kuna pingamizi moja linalonikosesha usingizi kidogo, na si hilo la wizi. Akaunti iko kwa jina langu. Jirani akitapeli mtu mtandaoni, au akatuma matusi ya kumletea kesi chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, wapelelezi wakifuata anwani ya intaneti watafika mlangoni kwangu kwanza. Anayekwambia hilo si tatizo anakudanganya. Ndiyo maana hatuandiki paswadi ukutani. Vyumba vingine viko kwenye mtandao wa wageni, uliotengwa na wangu, kwa hiyo hawaoni kompyuta yangu na mimi sioni simu zao. Paswadi ya kuingia kwenye mipangilio ya rauta niliibadilisha siku ya kwanza. Mtu akihama, paswadi inabadilishwa jioni hiyo hiyo. Kuta za mawe zinakula mawimbi, hasa yale ya 5 GHz, kwa hiyo chumba cha nane wanatumia 2.4 GHz na wanavumilia. Nani yuko ndani, namjua kwa uso na namjua mamake. Mkahawa wa mjini unaompa paswadi kila anayenunua chai hauwezi kusema hivyo.

Halafu panda gari hadi Kakuma, kilomita kama 120 hivi, uone kwamba huku kwetu kuchanga ni nafuu, kule ndiyo njia yenyewe. Kambi iko tangu 1992. Mtu amezaliwa pale, amesoma pale, na kusajili laini ya simu kwa jina lake bado kunategemea karatasi ambazo hazitoki haraka. Ndani ya mazingira hayo Innocent Tshilombo, mkimbizi kutoka Kongo, alianzisha Kakuma Ventures, inayounganisha majirani kwa vituo vya waifai. Nilipoenda mwaka jana kutafsiri mahojiano, kijana mmoja aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu kwamba anapakua masomo saa tisa usiku, “juu muchana watu ni mingi.” Anasoma digrii kwa mtandao. Mimi niliyekuwa na chuo cha matofali nikakiacha, nilinyamaza tu.

Mamlaka ya Mawasiliano inajua mambo haya. Mwaka 2021 ilitoa mfumo wa leseni kwa mitandao ya jamii, ile inayoendeshwa na wenyeji kwa wenyeji bila kutafuta faida. Hatua nzuri. Anayeunganisha mtaa mzima achukue hiyo leseni. Ila kati ya mtaa mzima na chumba kimoja kuna ploti, na ploti haijaandikwa popote. Ninachotaka ni sentensi moja kwenye kanuni: wanaoishi katika jengo moja wanaweza kugawana gharama ya laini moja bila faida, na anayezidisha hata shilingi ni muuzaji, atafute leseni.

Nalisema sasa kwa sababu mwenye ploti yetu ametoa ilani. Kuanzia mwezi ujao madishi yote yashuke, “kwa usalama na kuzuia wizi wa intaneti.” Yeye ataleta waifai yake, Ksh 1,500 kwa kila chumba, ndani ya kodi, utumie usitumie. Vyumba nane mara 1,500 ni 12,000. Kifurushi tulichoanza nacho ni 6,500. Zile 5,500 zinazobaki hazijaelezwa. Yaani tano tukichanga bila faida ni wezi, yeye akiuzia wanane kwa lazima ni usalama.

Mama wa vikapu ameuliza kama anaweza kukataa asilipe. Hajajibiwa. Tumeandika barua, tumesaini wote watano, na wa chumba cha saba, ambaye hata hayuko kwenye waifai yetu, akasaini pia. Kikao ni Jumamosi saa kumi, chini ya mwarobaini. Nitabeba risiti zote, tangu mwezi wa kwanza. Na nitamwomba kwa adabu, maana ni mzee wa rika la baba yangu, atuonyeshe leseni yake.