Sheria yalinda mlango, fundi je?

Mnamo Agosti 2018, katika mnada wa Pebble Beach, jimbo la California, gari moja la Kimarekani liliuzwa kwa dola milioni 22. Lilikuwa Duesenberg aina ya SSJ, gari la wazi lenye paa la turubai la kukunjwa, lililoundwa mwaka 1935 na kumilikiwa zamani na mwigizaji wa filamu Gary Cooper. Magari ya aina hiyo yaliundwa mawili tu, na la pili lilikuwa la mwigizaji mwenzake, Clark Gable.

Huenda msomaji akauliza: habari hii yawahusu nini watu wa Lamu, ambao vichochoro vya mji wao ni vya punda na waendao kwa miguu? Yawahusu sana. Lamu haina Duesenberg, lakini inayo mali ya jinsi ileile: kitu cha anasa kilichoundwa kwa mkono kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ambacho leo hutafutwa na matajiri wakusanyao vitu vya kale. Mali hiyo ni mlango wa nakshi.

Kufanana kwa vitu hivi viwili si kwa kubahatisha. Kampuni ya Duesenberg, iliyotoa gari lake maarufu la Model J mwishoni mwa 1928 na kufunga milango yake 1937, kwa kawaida ilimuuzia mteja fremu na injini. Mteja ndiye aliyekwenda kwa mafundi wa mabodi kuagiza umbo alitakalo. Kwa hiyo, kati ya magari yasiyofika 500 ya Model J yaliyoundwa, ni vigumu kupata mawili yaliyo sawa kwa kila hali. Vivyo hivyo, muungwana wa Lamu, Pate au Siyu aliyejenga nyumba ya mawe alimwendea fundi wa nakshi na kuagiza mlango wa kuonyesha hadhi ya jamaa yake. Gari lile na mlango huu vyote viwili vilisema jambo moja kwa mpita njia: mwenye mali ni nani.

Hata mpaka wa tarehe unakaribiana. Klabu ya Marekani iitwayo Classic Car Club of America, iliyoundwa 1952, hapo mwanzo ilitambua magari ya kati ya 1925 na 1942, mwaka ambao viwanda vya Marekani viliacha kuunda magari ya raia kwa sababu ya vita. Sheria yetu ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kwa upande wake, inauhesabu mlango au fremu ya mlango iliyotiwa nakshi kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa, kisichoruhusiwa kutolewa nchini bila kibali. Pebble Beach na Lamu zimekubaliana bila kukutana: cha kabla ya vita ni tunu.

Hapo ndipo kufanana kunapokoma. Gari limeundwa lisafiri. Likitoka Indiana likapelekwa California, au hata Nairobi ambako mashindano ya magari ya Concours d'Elegance yamefanyika tangu 1970, linabaki kuwa gari. Mlango haukuundwa usafiri. Ukiung'oa katika ukuta wa matumbawe, ukauondoa mbele ya daka ambamo wazee huketi na wageni hupokewa, umebaki na mbao nzuri. Kuna milango ya pwani iliyokwisha kugeuzwa meza za kulia chakula, imefunikwa kioo, na walao juu yake hawajui hata upande upi ulitazama njia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na ninalitazama jambo hili kwa jicho la lugha. Katika Kiswahili, mlango si uwazi wa kuingilia tu. Mlango ni sehemu ya kitabu. Kuna mlango wa bahari. Kuna milango ya fahamu. Na katika miji ya waungwana mlango ni tawi la ukoo, hata ikasemwa fulani ni wa mlango fulani. Aidha, kila kipande cha kitu chenyewe kina jina. Miimo ni nguzo mbili za kando. Kizingiti kiko cha juu na cha chini. Mfaa ni ule ubao wa katikati ambao mbao mbili zikifungwa hukutania hapo, na aghalabu ndio unaobeba nakshi nzito. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya mfaa, wengi hunyamaza, ilhali wote wamekulia katika nyumba zenye milango. Sababu ni wazi. Neno la ufundi huishi katika kinywa cha fundi anapomwambia mwanagenzi, "Nipe patasi, mfaa haujakaa sawa." Asipokuwapo mwanagenzi, neno hilo hubaki katika kamusi.

Swali la kujiuliza ni hili: sheria inayolinda mbao zilizochongwa kabla ya 1946, inamlinda nani anayechonga leo? Ukiisoma kwa makini, utaona kwamba fundi aliyetia nakshi mwaka 1945 ameacha turathi, na mwanawe aliyetumia tezo na patasi zilezile mwaka 1950 ameacha fanicha. Ni kweli kwamba Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kazi za kuchonga mbao zimo ndani yake. Sheria hiyo inazipa kaunti jukumu la kusajili maarifa hayo. Hilo ni jema. Hata hivyo, kusajili si kufundisha. Daftari halina mikono.

Tuwatazame tena Wamarekani. Hawakuridhika kuyafungia magari yao katika majumba ya makumbusho, ingawa wanalo moja mashuhuri pale Auburn, Indiana, katika jengo lililokuwa la kampuni ya magari ya Auburn. Katika chuo cha McPherson, jimbo la Kansas, ufundi wa kufufua magari ya kale umefundishwa tangu 1976, na leo kijana huweza kuhitimu hapo kwa shahada ya kwanza katika fani hiyo. Anasoma historia ya gari, anajifunza kupinda bati, kushona viti na kuunda upya kipuri ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza tena. Wenzetu wametambua kwamba thamani ya gari la mamilioni inategemea kuwapo kwa mtu ajuaye kulitengeneza. Fundi akitoweka, hata mkusanyaji tajiri hubaki na chuma.

Wapo watakaosema kwamba wageni wanunuao nyumba za Lamu na Shela ndio waliouokoa ufundi huu, kwa maana wao ndio wenye fedha za kulipia nakshi. Hoja hii ina ukweli wake, na haifai kuibeza. Ukarabati wa nyumba za kale umewapa mafundi wengi riziki, hasa baada ya UNESCO kuutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Lakini ufundi unaotegemea ladha ya mnunuzi mmoja hufuata ladha hiyo popote iendapo. Akitaka mlango wa Zanzibar katika nyumba ya Lamu, ndio utakaochongwa. Akichoka na nakshi akapenda kioo, patasi italala.

Wengine watasema kwamba vijana wa Lamu wanahitaji ajira za bandari, wala si nakshi. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na ni haki ya vijana wa visiwa kupewa nafasi yao pale. Hata hivyo, sioni kwa nini kijana wa Matondoni achaguliwe njia moja tu. Kama shahada inaweza kutolewa kwa kufufua gari ambalo kampuni yake ilikufa 1937, kinachozuia stashahada ya useremala wa nakshi ni nini, katika visiwa ambako ufundi wenyewe ungali hai?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Makavazi ya Kitaifa na serikali ya kaunti zishirikiane kuanzisha kozi kamili ya nakshi katika vyuo vya ufundi, mafundi wakongwe wakiwa wakufunzi wanaolipwa mshahara, bila kudaiwa vyeti ambavyo wao hawakupata nafasi ya kuvitafuta. Pili, sheria ya 2006 irekebishwe ili, pamoja na tarehe, itambue pia kazi bora ya fundi aliye hai, na jina lake liandikwe. Mkusanyaji wa Duesenberg anamjua fundi aliyeunda bodi ya gari lake. Mlango wa Lamu mara nyingi hauna jina la aliyeuchonga.

Tatu ni juu yetu walimu. Hatuhitaji kusubiri Bunge. Mwalimu wa Kiswahili wa Lamu, Mombasa au Malindi anaweza wiki hii kuwatuma wanafunzi wake kwa fundi aliye jirani, kila mmoja na daftari, wakaandike majina ya vipande vya mlango, ya zana na ya nakshi kama fundi mwenyewe anavyoyatamka, kisha waulize aliyemfundisha ni nani, na yeye anamfundisha nani. Jibu la swali hilo la mwisho litatuonyesha kazi iliyosalia ni kubwa kiasi gani.