Tanki Haijui "Ya Soo Tano"

Simama dakika kumi kwenye petroli stesheni yoyote ya Nairobi, iwe Ngong Road ama Outering, na usikilize tu. "Weka ya soo tano." "Ya thao." "Buda, ya mia tatu, nafika hapo mbele." Hutasikia mtu akitaja lita. Lita ni za EPRA wakitangaza bei tarehe 14, na za watu wa habari. Sisi wengine tunanunua petroli vile tunanunua mafuta ya kupikia kwa duka la mtaa, ya kupimiwa.

Na mimi sina shida na kadogo. Kadogo ndiyo ilinilea. Sukari ya kumi, majani ya tano, sabuni ya kukatwa. Lakini sukari ikiisha, chai unakunywa hivyo hivyo. Gari ikikauka Pangani saa kumi na mbili jioni, na matatu tano nyuma yako zikipiga honi, hakuna cha hivyo hivyo.

Kwa hivyo wacha niseme, na najua kuna wasee watanijia juu: bei ya mafuta inatuumiza, ni kweli, lakini kutojua tanki zetu kunatuumiza mara ya pili, na hiyo ya pili hatuwezi kulaumu serikali.

Angalia hizi namba. Mei 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona, petroli Nairobi ilishuka hadi shilingi 83.33 kwa lita. Soo tano yako ilikupatia lita 6. Oktoba 2023 lita moja ilikuwa shilingi 217.36. Soo tano hiyo hiyo ikawa lita 2.3. Kwa gari ndogo inayoenda kilomita 14 kwa lita, umetoka kilomita 84 ukaingia kilomita 32. Noti haikubadilika, na vile unasema dirishani haikubadilika. Halafu mtu anakwambia gari yake "imeanza kula mafuta". Haijaanza kula, bro. Imeanza kulala njaa.

Sasa swali. Gari unayoendesha, ama ya mzazi wako, ama ile unaota kununua, tanki yake ni lita ngapi? Vitz nyingi za kuanzia 2005 ni lita 42. Nissan Note ile ya E12 ni 41. Prado ya J150 ni 87, na ndiyo maana mwenye Prado akisema "jaza" mhudumu anatabasamu. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kile kitabu kwa dashibodi kimeandikwa Kijapani, so kinakaa hapo miaka kumi bila kufunguliwa. Lakini ukifungua boneti kuna kibati chenye kodi ya modeli, kama KSP130. Itafute mtandaoni na utajua tanki ni lita ngapi kabla chai haijapoa. Mimi niliwacha chuo mwaka wa pili, na hii hesabu bado naiweza.

Kwa nini ujue? Kwa sababu hiyo namba ndiyo ushahidi pekee uko nao ukiwa kwa pampu. Kwa gari ndogo nyingi, taa ya mafuta huwaka kukiwa kumebaki kama lita 5 hadi 7. Vitz ikiwasha taa leo na uijaze hapo hapo, inafaa iingize kama lita 35 hadi 37. Pampu ikisoma 46, uliza kwa sauti. Ila usiende kupiga kelele kwa sababu ya lita moja juu ya ile ya kitabu. Lita za kitabu hazihesabu bomba lote la shingo na ile nafasi ya hewa juu ya tanki, kwa hivyo gari inaweza kubeba kidogo zaidi. Nimeona watu wakiita wengine wezi kwa nusu lita. Hiyo si haki.

Mshale wa geji nao usiuamini kama mchumba. Ndani ya tanki kuna boya limeshikwa na mkono, na ule mkono ndio unaambia mshale mahali pa kusimama. Ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Kimende mafuta yanalala upande mmoja, na taa inaweza kuwaka, ikazima mkifika tambarare. Na magari mengi mshale hukaa F siku mbili kama amelipiwa hoteli, halafu nusu ya pili inashuka mbio. Ukitaka kujua gari inakula aje, jaza mpaka pampu ikate, rudisha kile kihesabu cha kilomita kwa sufuri, endesha, jaza tena mpaka ikate, halafu gawa kilomita kwa lita ulizoweka. Kilomita 320 kwa lita 22 ni 14.5. Huwezi kufanya hiyo hesabu ukiishi kwa "ya soo tano". Utabaki kuambiwa na fundi.

Sasa tufike pale panaponichoma.

Niko na marafiki watatu wa mtaa wanaoendesha teksi za apu. Hakuna mwenye gari yake. Wanakodi, wanalipa mwenye gari kila siku, mvua ama jua, na kinachobaki ndicho chao. Hawa ndio wanaishi na taa ya mafuta imewaka. Nikiingia kwa gari ya mmoja wao hiyo taa ya manjano iko pale kama pambo la dashibodi. Anaweka ya mia tatu, anabeba mteja, analipwa, anaweka ya mia mbili.

Shida ni kwamba kwa magari haya ya injini ya sindano, pampu ya mafuta iko ndani ya tanki, imezamishwa kwenye petroli. Ni mota ya umeme. Inazunguka muda wote injini inanguruma, inapata joto, na kinachoipoza na kuilainisha ni hiyo hiyo petroli. Ukiendesha kila siku na tanki karibu tupu, pampu inafanya kazi ikiwa haijafunikwa vizuri, na kwa kona ama mlima inavuta hewa badala ya mafuta. Haifi siku hiyo. Inachoka polepole, halafu siku moja, kawaida siku umebeba mteja wa uwanja wa ndege, gari inakohoa na kuzima.

Watu wengi huniambia shida ni uchafu ulio chini ya tanki. Hiyo stori ni nusu ukweli. Pampu huvuta kutoka chini kila siku, hata tanki ikiwa imejaa, na ina kichujio chake. Kinachoimaliza zaidi ni joto na hewa.

Na pampu ikikufa, nani analipa? Mmoja wa hao marafiki zangu ilimpata. Mwenye gari akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unaendesha na taa." Fundi akakubali. Jamaa akalipa pampu, akalipa fundi, na akalipa pia pesa ya siku mbili gari ikiwa imelala gereji. Karibu wiki mbili za jasho. Nilipoposti hiyo stori nusu ya watu waliandika "si angeweka tu fuli tanki", na hapo ndipo nilijua wengi wenu hamjawahi kukaa upande ule.

Fikirieni. Tuseme lita ni 180. Nusu tanki ya Vitz ni lita 21. Kutoka pale taa inawaka hadi nusu ni kama lita 15, yaani shilingi 2,700. Ukishaziweka mara moja, hizo ni kama floti ya wakala wa M-Pesa. Hujazitumia, zimekaa tu, na biashara inaendelea juu yake. Kutoka hapo endelea na soo tano zako kama kawaida. Kilomita ni zile zile na gharama ni ile ile, ila sasa unazungukia juu ya tanki badala ya kuzungukia chini. Kwa mwenye gari yake, hii ndiyo hesabu yote. Kama huna 2,700 kwa mkupuo, ongeza lita moja kila siku, na ndani ya siku 15 umefika.

Lakini dereva wa kukodi, aweke floti yake ya 2,700 kwa gari ya mtu? Gari inayoweza kuchukuliwa Jumatatu asubuhi bila notisi, na mafuta yake ndani? Hapana. Huyo anayeirudisha ikiwa kavu si mjinga. Anajilinda. Ndiyo maana mimi nasema nusu ya kwanza iwekwe na mwenye gari. Mpe dereva gari ikiwa nusu, na airudishe ikiwa nusu. Pigeni picha ya dashibodi wote wawili siku ya kukabidhiana, kilomita na mshale vionekane, na mtumiane hapo hapo kwa WhatsApp. Mwenye gari anayetoa gari ikiwa na taa imewaka, halafu akadai dereva alipe pampu, anakula pande mbili. Na dereva mwenye umri wa miaka 22 anayetafuta kazi hana nguvu ya kubishana na huyo mtu peke yake, kwa hivyo inafaa iwe kawaida, kitu kila mtu anaulizia kabla ya kuchukua funguo.

Tukiwa kwa pampu, kuna tabia nyingine. Umesema jaza. Pampu imekata, tak. Imesoma 3,870. Mhudumu anakuangalia: "Niifikishe elfu nne?" Na wewe kwa sababu hutaki chenji unasema sawa. Anabonyeza, tak, anabonyeza, tak.

Ile tak si pampu kuchoka. Karibu na ncha ya ile pua kuna tundu dogo linalovuta hewa. Mafuta yakipanda yakaliziba, pampu inakata yenyewe. Maana yake yamefika. Yale yanayosukumwa baada ya hapo yanaingia kwa nafasi iliyoachwa makusudi, kwa sababu petroli inatoka kwa tanki la chini ya ardhi ikiwa baridi na hutanuka ikipata joto. Lita 40 zikiongezeka joto nyuzi 15 zinatanuka kwa zaidi ya nusu lita. Na hapo juu kuna bomba la mvuke linaloenda kwa kikopo chenye mkaa maalum, kinachonasa harufu ya petroli isitoke nje. Kikopo hicho kimetengenezewa mvuke. Ukikimwagia petroli yenyewe unakiharibu, na si bei rahisi. Tak moja inatosha. Lipa kwa simu 3,870 na shilingi zake. Tangu M-Pesa ije, nani bado anaogopa chenji?

Kabla ya tak, hakikisha pampu inaanza kwa sufuri. Weka simu chini uangalie, uzime injini, na ukimaliza soma lita, si pesa tu. Ukihisi umepunjwa mara kwa mara mahali pamoja, chukua risiti na uipeleke kwa watu wa Idara ya Vipimo. Ndio hupima pampu kwa ndoo maalum na kuzifunga kwa lakiri.

Wenye CX-5 na Demio za dizeli, nyinyi nina neno lenu. Pua ya dizeli kwa kawaida ni nene, haiingii vizuri kwa shingo ya gari ya petroli. Lakini pua ya petroli inaingia kwa gari ya dizeli bila shida yoyote, na mhudumu akiona Demio ndogo hivi mawazo yake yanaenda kwa petroli moja kwa moja. Sema "dizeli" kwa sauti, shuka, uangalie ameshika ipi. Na kama imeshaingia mbaya, usiwashe gari. Hata funguo usizungushe. Isukumwe pembeni na tanki ikamuliwe. Ikishawashwa, petroli inafika kwa pampu ya presha na sindano, na hapo unaanza kuuza vitu kwa nyumba.

Ile ya kuamka alfajiri ununue mafuta yakiwa baridi ndio upate mengi, lala tu. Matanki yako chini ya ardhi, na joto la huko halibadiliki sana kati ya saa kumi na mbili na saa sita.

Na ile foleni ya tarehe 14 jioni, watu wakikimbia kujaza kabla bei mpya ianze usiku wa manane? Nilikaa nikapiga hesabu. Bei ikipanda shilingi 5, na wewe uongeze lita 30, umeokoa mia na hamsini. Lisaa limoja kwa foleni, injini inanguruma, kwa mia na hamsini. Mimi siendi.