Kipaji na Mipaka Yake

Wazazi wenzetu wa Kitui na Makueni, tusimnyang'anye kalamu kijana anayekusanya michoro yake ili akasomee sanaa. Maulamaa wengi wamekataza kuchora wenye roho, lakini miti na visivyo na roho, Ibn Abbas (r.a.) aliviruhusu. Basi na aketi mbele ya jiwe la Nzambani, mbuyu, kiondo cha mkonge au embe lililopasuliwa, achore akionacho, si akikumbukacho. Kitu kimoja akichore asubuhi na alasiri, aone kivuli kilivyohama, kisha aandike tarehe. Mwalimu akidai umbo la mtu, mzazi aende mapema wakashauriane. Tusimwache mtoto achague peke yake baina ya dini na kipaji.