Kihamba cha Kitindamimba, Beseni la Dada

JAMVI LA WIKI
Na Haikaeli Mmari

Msikilize mtumishi wa umma aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Atakueleza habari za kuku wa mayai, za vyumba viwili vya kupangisha, za shamba la parachichi ambalo rafiki yake amemhakikishia kuwa linalipa kuliko kahawa. Atakueleza kikokotoo cha pensheni mpaka uchoke: kwamba mkupuo ulikuwa asilimia 33, kwamba mwaka 2024 serikali ilipandisha ukafika 40, kwamba hata hivyo hautoshi. Muulize mama yake ana umri gani. Atasema miaka 85, yuko nyumbani Machame, mzima kabisa, ana presha kidogo tu. Kisha atarudi kwenye kuku.

Huyo keshapata kazi nyingine. Hajaambiwa tu.

Kazi yenyewe huja kwa simu. Mama ameanguka bafuni, au ameamka mkono mmoja hauinuki na mdomo umekwenda upande. Analazwa, anatibiwa, na siku ya kuruhusiwa inafika. Hapigiwi mtu kura. Macho yote yanamwelekea mmoja, mara nyingi mwanamke, aliyestaafu au aliyekaribia, mjane au mwenye watoto waliokwisha kuondoka nyumbani. "Dada, wewe si umepumzika sasa?" Ndivyo mwalimu wa miaka 60, aliyeshika chaki tangu ujana wake, anavyoanza uuguzi bila siku moja ya mafunzo, bila mshahara wala likizo, na magoti yake mwenyewe yameanza kugoma. Nawafahamu wa namna hiyo wengi, nawe unawafahamu.

Watu humwambia anachuma baraka. Sibishi. Ila baraka haimgeuzi mtu wa kilo 70 saa tisa usiku.

Na hebu tuiangalie kazi hiyo, maana wengi wanaoisifia hawajawahi kuiona kwa karibu. Mtu aliyepooza akilala ubavu mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti pale ambapo mfupa unaibana ngozi: juu kidogo ya makalio, nyongani, visiginoni, kwenye vifundo vya miguu. Vitabu vinasema utaona wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo unapapasa. Mahali palipo na joto kuliko pengine, au pagumu, au peusi kuliko jirani yake, hapo kidonda kinajitengeneza, na kikishafunguka kinaweza kushuka hadi mfupani. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Wala kumgeuza si kumvuta. Ngozi ya mzee ikiburutwa kwenye shuka huchubuka kama karatasi iliyolowa. Unatandika shuka ya pili, imekunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha wawili mnaishika huku na huku na kumhamisha pamoja nayo. Ukiwa peke yako, unalikunja goti lake la upande wa mbali, unashika bega na nyonga, unamviringisha kuja kwako. Na wewe kunja magoti kidogo, usiinamishe mgongo. Dada asiyeambiwa hivyo, baada ya miezi michache wagonjwa wanakuwa wawili nyumba moja.

Kulisha nako kuna mambo yake. Wengi hushangaa kusikia kwamba kwa mtu ambaye kiharusi kimemlegeza koo, maji matupu yana hatari kuliko uji mzito. Maji hukimbia kabla koo halijajiandaa, yanaingia njia ya hewa, na homa ya mapafu inammaliza mtu ambaye kiharusi chenyewe kilishindwa kummaliza. Akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo, umsubiri ameze ndipo ulete kingine, na asilazwe mpaka ipite nusu saa. Mtori uliopondwa ukalainika, nyama yake ikatolewa, unamfaa kuliko chai ambayo kila mgeni anataka kumnywesha.

Sasa kuoga. Hapa ndipo wanaume wanapokimbia, na nitawatetea kidogo. Kwa makabila mengi ya nchi hii mkwe hamwogeshi mkwe wake, hilo halina mjadala. Mjukuu angeweza, maana bibi na mjukuu ni watani, lakini mjukuu yuko shule ya bweni au yuko chuo. Anabaki mtoto wa kiume wa miaka 60 na kitu, mbele ya mama yake, na beseni la maji ya moto. Nimewaona wanaume wazima wakitoka chumbani na kwenda kusimama nyuma ya migomba. Kumbe manesi wana njia yao, na ni nyepesi. Mwili wote unafunikwa khanga. Unafunua mkono, unaosha, unakausha, unafunika, unahamia mwingine. Uso ndio wa kwanza, sehemu za siri ndizo za mwisho, na maji yanabadilishwa kabla ya kufika huko. Kila unachotaka kufanya unamwambia kabla ya kukifanya. Pale ambapo mkono wake mzima unafika, unampa kitambaa ajisafishe mwenyewe, wewe unaangalia dirishani. Mama anabaki mama. Namfahamu seremala mmoja mstaafu aliyefundishwa hivyo na nesi jirani, na leo anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko dada zake, tena bila kelele.

Angalia lakini: alifundishwa na jirani. Siku ya kuruhusiwa mnapewa karatasi ya dawa, tarehe ya kliniki na maneno "mfanyieni mazoezi". Mazoezi gani? Siwalaumu manesi wenye wodi iliyofurika wagonjwa. Ila wodini humo humo ndugu ndio wanaomgeuza mgonjwa, ndio wanaomlisha, ndio wanaobadilisha pampas. Wapo tayari, wana mikono, na wana usikivu ambao hawatakuwa nao tena kwa sababu wameogopa. Nusu saa ya kumwonyesha dada kando ya kitanda, siku ya pili ya kulazwa, kisha yeye arudie huku nesi akitazama, ingewapunguzia hao hao manesi wagonjwa wanaorudishwa na vidonda. Hilo halihitaji bajeti mpya wala mfadhili.

Kuna na mzee ambaye mwili uko imara ila kumbukumbu imeondoka. Huyu humtuhumu binti yake kuwa amemwibia pesa, huamka usiku kutaka kwenda kwa mama yake aliyezikwa zamani. Usibishane naye, muulize mama yake alikuwa akipika nini. Ni ugonjwa wa ubongo. Nalisema kwa sauti kwa sababu hii ni nchi ambayo huko Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote waliyotupikia. Mzee anayezungumza peke yake gizani anahitaji mtu wa kumsemea kwa majirani, na huyo pia ni dada.

Basi nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Wazee wa Uchagani hawakuiacha kazi hii iokotwe na yeyote atakayepita. Mtoto wa kiume wa mwisho alibaki nyumbani. Kaka zake walikwenda kufungua vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, au walikatiwa vya kwao, yeye akakaa na wazazi, akawatunza, akawazika, na ile nyumba pamoja na kihamba chake vikawa vyake. Tunapenda kuisimulia hii kama mila ya mapenzi. Mimi naiona kuwa ni mkataba wa kazi, na mkataba mzuri: mtendaji anajulikana tangu utotoni, ujira unajulikana, na ukoo mzima ni shahidi. Sisemi ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Aliyechota maji na kupika mtori alikuwa mke wa huyo kitindamimba, na jina lake halikuwamo popote. Lakini angalau kazi na malipo vilikaa chini ya paa moja.

Leo kitindamimba yuko Dar, au Dallas, au Dubai. Hana kosa, maisha ndiyo yaliyompeleka. Kazi yake imemhamia dada, tena dada mkubwa, yule aliyestaafu. Malipo hayakuhama. Kihamba bado kinamsubiri kitindamimba aje ajenge uzio na kuweka geti.

Na dada akitaka kuuliza, sheria haimpi kiti kizuri. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwapanga warithi kwa madaraja matatu. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko la kwanza, wenzake wa kiume la pili, na mabinti wote, hata kama binti ndiye mkubwa kuliko wote, la tatu. Ni kweli kwamba mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, aliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba alilorithi kama alivyo nayo mwanamume, kwa kuwa Katiba haitaki ubaguzi. Uamuzi ule tunausifu mpaka leo. Ila vikao vya ukoo vinavyokaa siku ya tatu ya msiba, vile ambavyo dada amekaa pembeni akiwa bado na macho yaliyovimba, havisomi hukumu za Mwanza. Huko huulizwa maswali mawili. Lini utakabidhi funguo? Na zile pesa tulizokuwa tukituma, hesabu yake iko wapi?

Swali la pili ndilo linalouma. Pesa zenyewe zilikuja kwenye kundi la familia la WhatsApp, elfu hamsini hapa, elfu thelathini pale, pamoja na picha ya mikono inayosali. Zilinunua pampas na dawa za presha. Mafuta ya gari la kwenda kliniki yalitoka kwenye ule mkupuo wa asilimia 40. Kuku wa mayai hawakununuliwa.

Serikali nayo isijifiche. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia kuwa msingi wa matunzo, na makao ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Nakubaliana nayo. Lakini sera hiyo hiyo inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, maana yake dada yetu anayemwogesha mama ni mzee kwa mujibu wa sera. Hospitalini wamebandika tangazo la kumpisha mzee kwanza. Wakifika wawili hao dirishani, nani ampishe mwenzake? Zanzibar tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Haimwajiri mtu, lakini pampas inanunua. Huku Bara mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa hana pensheni ya aina hiyo. Tunao mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294. Hao watapita nyumba kwa nyumba. Naomba wakiingia kwa bibi aliyelala, wampime presha na yule aliyemfungulia mlango.

Ila siwezi kuiachia serikali kazi ya kikao cha ukoo. Dada alipwe. Najua neno hilo linakera. Nimeshaambiwa kwamba ninataka kuleta Uzungu, kwamba mama hauguzwi kwa mshahara. Nawajibu kwamba babu zetu walilipa shamba zima na nyumba juu yake, nasi tunashindwa kutoa kiasi ambacho tungempa msichana wa kazi. Alipwe kila mwezi kwa tarehe, akatiwe bima ya afya, na kila baada ya muda mmoja wenu achukue likizo yake ya kazini aje akae na mama wiki mbili, dada aende akalale kwa rafiki yake bila kuamshwa. Na mama, angali na akili timamu, aitiwe mashahidi aandike wosia, aseme mwenyewe kihamba kinakwenda kwa nani. Pengine atakitaja kwa kitindamimba vilevile. Ni chake kukitoa, lakini dada ajue mapema anafanya kazi kwa masharti gani.

Desemba haiko mbali. Barabara ya Moshi itajaa magari, mtapanda na mablanketi na mchele na soda, na mbuzi watachinjwa. Kabla ya nyama kuiva mwiteni dada atoke jikoni akae kwenye kiti, na mtu mwingine ashike mwiko. Muulizeni usiku anaamka mara ngapi, presha yake yeye imesimama wapi, na anahitaji shilingi ngapi kwa mwezi. Jibu liandikwe kwenye daftari la ukoo, kila mmoja aweke sahihi, na wa kwanza kutuma awe kitindamimba.